Neno la Mwisho la Bibi Nyuki

Vijana wa leo mngepaita kijiwe. Sisi, mwaka ule wa hamsini na tatu, tulisema tu "kwa Koleo", na kila mtu wa mtaa wa Ng'ambo alijua ni wapi: ubao mmoja wa mninga uliolazwa juu ya madebe mawili yaliyojazwa mchanga, mbele ya karakana ya Mfaume, fundi bati. Mfaume ndiye Koleo mwenyewe, maana hata akila alishika kijiko kama mtu anayeng'oa msumari. Babu yake alikuja Tabora na msafara kutoka pwani, akaugua mguu, wenzake wakaendelea na safari ya Ujiji bila yeye, naye akakaa kuwangoja mpaka akaoa, akajenga, akazeeka. Pembeni ya Koleo alikaa Alois, karani mstaafu wa mahakama, tuliyemwita Kamusi kwa sababu hakuachana na kamusi lake la Kiingereza hata akienda kunyolewa. Halafu Masolwa, jina la ubaoni Bama, aliyepigana vita vya Bama, yaani Burma, na kurudi na koti la jeshi alilolivaa hata mwezi wa kumi, jua likipasua vichwa. Nassibu na dele lake la kahawa alikaa chini, juu ya kigoda, katikati yetu. Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Nilikaa mwisho wa ubao, na sindano mkononi, nikisikiliza.

Alhamisi moja, watu wametoka sala ya alasiri, akaja Damas. Damas alikuwa mpishi, mtu wa Goweko, Mkatoliki, mpole wa sauti, shati lake jeupe wakati wote. Alipanga chumba hapa hapa Ng'ambo na mkewe Pelagia, na binti yao Eustadia alikuwa akisoma kwa masista. Miaka sita alimpikia mwanamke mmoja wa Kizungu ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka misituni akihesabu mizinga na kukagua nta. Tulimwita Bibi Nyuki. Miezi miwili nyuma Bibi Nyuki alirudi kwao moja kwa moja, na kabla ya kupanda treni alimpa Damas bahasha iliyobandikwa. Damas akaiweka ndani ya sanduku, chini ya shati la Jumapili, asiifungue.

Sasa alikuwa ameishika mkononi.

— Mzee Alois, alisema, nimesikia injinia mmoja wa reli anatafuta mpishi. Nimeambiwa niende kesho asubuhi na barua yangu. Nimeona nisipeleke kitu nisichokijua. Nisomee.

— Hapo umefika, alisema Kamusi. Akavaa miwani, akakohoa kama hakimu, akachana bahasha taratibu.

Tulingoja. Nassibu aliacha kumimina. Kamusi alisoma kwa Kiingereza kwanza, kwa sauti ya mahakamani, kisha akageuza kwa Kiswahili yale aliyoyaweza.

— "Damas amenipikia miaka sita. A good plain cook. Mwaminifu. Stubborn." Kisha sahihi yake.

— Halafu? aliuliza Damas.

— Basi.

— Miaka sita, basi?

— Karatasi ndiyo hii, bwana. Nyuma hakuna kitu. Tazama mwenyewe.

Damas akaipokea, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha. Aliketi kwenye ukingo wa ubao kama mtu aliyeombwa asikae sana.

— Yule hakuwa mtu wa maneno, alisema Koleo kumtuliza. Hao nyuki wenyewe aliwaandika mstari mmoja mmoja. Nilimtengenezea vibuyu vya bati vya kufukizia nyuki moshi, nikaona daftari lake.

— Basi nielezeni, alisema Damas, hiyo mistari miwili ina nini ndani.

Kamusi akafungua kamusi lake magotini.

— Tuanze. "Good" ni nzuri, hiyo kila mtu anaijua. "Cook" ni wewe. Sasa "plain"... Akalowesha kidole, akafunua. Naam. "Plain" ni uwanda. Nchi tambarare, isiyo na milima.

— Mpishi mzuri wa tambarare? aliuliza Koleo.

— Ndivyo ilivyoandikwa.

— Kwani mlimani angeshindwa kupika?

— Mimi sikuliandika kamusi, Mfaume.

Bama akacheka peke yake, kicheko cha mtu anayejua.

— Nyinyi wa vitabu mnapotea bure. Mimi hilo neno nimelala nalo kwenye matope. "Plein" ni ndege. Sajenti akipiga kelele "plein!", wote chini, uso ardhini. Bibi Nyuki anasema Damas ni mpishi mzuri wa ndege.

— Ndege ipi? aliuliza Nassibu. Ya kuruka na watu, au kanga?

— Ya vita.

— Maana kama ni kanga, mama yule hakusema uongo. Nimewahi kuonja kanga wa huyu bwana siku ya Krismasi. Nililamba vidole mpaka Mwaka Mpya.

— Ile ya ndege inaandikwa vingine, alisema Kamusi kwa ukali.

— Sajenti hakutuandikia, alisema Bama. Alituambia tulale, tukalala. Ndiyo maana leo niko hapa nakunywa kahawa.

Hata Damas alitabasamu. Nassibu akampa finjani, akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akauliza kwa upole:

— Na lile la mwisho?

Kamusi hakufungua kamusi. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu yangu niliyokuwa naishona, sikumkataza.

— Hilo nalijua bila kutazama, alisema. Miaka kumi na saba nimelisikia mahakamani. Hakimu akimtazama mshtakiwa aliyekataa kukiri, ndilo alilolisema. "Stubborn." Mkaidi.



— Mkaidi, alirudia Damas. Mimi.

— Ngoja kwanza, alisema Koleo. Wewe Alois, soma kitabu. Usimhukumu mtu kwa kumbukumbu.

Kamusi akafunua. Kidole chake kikateremka ukurasani, kikasimama.

— "Stubborn", tazama neno "obstinate".

— Tazama basi.

Akarudi nyuma kurasa nyingi.

— "Obstinate"... tazama neno "stubborn".

— Ala! alisema Nassibu. Sasa hicho ni kitabu au ni mlinzi wa boma? Mlango huu anakwambia nenda ule, ule anakwambia rudi huu.

— Kuna neno jingine hapa pembeni, alisema Kamusi haraka, aibu imemshika. Limeandikwa kama ndugu yake. "Firm".

— Na hilo maana yake?

Akafunua tena. Uso ukamng'aa.

— "Firm" ni kampuni ya biashara.

Bama alisimama.

— Amemwachia kampuni!

— Kampuni gani? aliuliza Damas.

— Ya nta! Wewe unafikiri mtu anahesabu mizinga miaka sita kwa raha zake? Ameona mali, amefungua kampuni, na kwa kuwa wewe ni mwaminifu, neno lililotangulia, amekuandika wewe. Usiende kwa injinia. Nenda boma ukaulize nta yako iko ghala gani.

— Kaa chini, Masolwa, alisema Koleo.

— Nakaa, lakini akipata kampuni mimi ndiye mlinzi.

Nassibu yeye alikuwa amechukua barua, anaitazama kwa jicho moja.

— Nyinyi mnasoma maneno, alisema. Wazungu hawaandikiani kwa maneno. Shemeji yangu alikuwa boi wa hakimu, alinieleza. Siri iko kwenye nukta. Nukta ndogo, mpokee mtu huyu. Nukta kubwa, mfukuze. Hebu tazameni hii ya mwisho.

Tulijikuta tumeinama wote juu ya karatasi, hata mimi. Koleo akaleta kioo chake cha kukuzia, cha kutazamia nyufa za bati. Kweli, nukta ya baada ya "stubborn" ilikuwa nene kuliko zile nyingine.

— Loo, alisema Nassibu, naye mwenyewe akaonekana kujuta.

— Wino ulimwagika, alisema Koleo.

— Labda.

Damas aliweka finjani chini, ingali imejaa.

— Kazi nitapata nyingine, alisema. Nikikosa nitarudi Goweko nilime, ingawa Eustadia itabidi aache shule. Hayo nayaweza. Nisichokiweza ni hiki. Miaka sita nimeamka kabla ya jogoo kumchemshia maji yule mama. Nikajua anapenda yai lake liwe hivi, uji wake uwe hivi. Akiwa na huzuni nilijua kwa jinsi alivyoshika uma. Nilidhani naye ananijua. Kumbe alikuwa akinitazama anaona mkaidi.

Bama, ambaye hakupenda kuona mtu mzima akiumia mbele yake, alikuna kidevu.

— Kule Bama, alisema, sajenti wetu alikuwa na baghala, yule mtoto wa punda na farasi, anabeba risasi. Kila siku alimwita hilo neno. Stabon, stabon, na kila mara ni teke.

— Masolwa, humsaidii, alisema Koleo.

— Nimalize. Siku nyingine tulifika kilima wamekaa Wajapani ndani ya mashimo. Tumewapiga siku nne hawatoki. Siku ya tano kukawa kimya, tukapanda, tukawakuta kumi na mmoja tu, na wote wamekufa pale pale walipokuwa. Sajenti alisimama juu ya yale mashimo. Akavua kofia. Akasema lile lile neno. Stabon. Hakumpiga mtu teke.

Hilo lilituingia. Koleo alitazama chini, akichora mchangani kwa kidole cha mguu.

— Mke wangu Maua, alisema, siku akiwa na raha nami huniita mzee. "Mzee, chai yako." Siku tumegombana ananiita kizee. Mimi ni yule yule, mvi ni zile zile. Sasa mtu wa mbali akisoma kwamba Mfaume ni kizee, na mwingine asome ni mzee, watadhani ni watu wawili.

— Ndiyo tatizo, alisema Kamusi. Sisi hapa tunajua kizee kinauma wapi. Kiingereza tunakishika kwa nje, kama chungu cha moto. Hatujui kinaunguza upande gani. Akasogea karibu na Damas, akashusha sauti. Sikiliza. Nina wembe nyumbani na wino unaofanana na huu. Neno linakwanguka. Pale tunaandika "steady". Maana yake mtu aliyetulia. Hakuna Mzungu anayemkataa mtu aliyetulia.



Damas alikuwa bado hajajibu alipofika Apolinaria. Huyu alikuwa nesi, binti wa mwalimu wa Moraviani kutoka upande wa Sikonge, mrefu, anatembea kama amechelewa hata akiwa hana haraka. Alifanya kazi hospitali ya Kitete, na alikuwa ameleta taa kwa Koleo izibwe.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mbona mmeinamia karatasi kama mmefiwa?

Tulimweleza, watu wanne kwa wakati mmoja. Alicheka kwenye ndege ya vita, hakucheka kwenye nukta. Kisha akaomba barua, akaisoma akiwa amesimama.

— Hili la "plain" lisiwasumbue, alisema. Matroni wetu hulisema kila siku. Chakula "plain" ni chakula kisicho na makorokoro. Nyama ni nyama, kiazi ni kiazi, hakuna pilipili ya kumficha mpishi mbaya. Mama wa Kizungu akikuambia wewe ni "good plain cook", baba Damas, amekuheshimu. Anasema unajua kazi na hujionyeshi.

— Si tambarare? aliuliza Nassibu.

— Tambarare ya aina yake. Lakini juzi matroni huyo huyo alimsema mwenzetu mmoja, msichana mwema tu, kwamba ni "plain", nasi tukaelewa anasema hana sura. Neno moja hilo hilo. Kwenye sahani ni sifa, usoni ni tusi.

— Na lile la mwisho? aliuliza Damas.

Apolinaria aliketi kwenye ubao, nafasi ya Bama, Bama akasimama bila kunung'unika.

— Baba, uliwahi kumsikia akilitamka?



— Mara mbili, alisema Damas.

— Hebu tuambie.

Hapo ndipo tuliposikia kisa ambacho miaka yote ile hakuwahi kukisema pale kwa Koleo.

Ilikuwa masika ya mwaka wa pili. Walikuwa wamepiga hema huko kwao Goweko, na Bibi Nyuki alitaka waingie msitu wa ndani, siku tatu kwa lori, kabla mizinga haijapakuliwa. Usiku ule alishikwa na homa. Asubuhi macho mekundu, meno yanagongana, lakini amevaa buti na kofia, amepanda lori, anamwambia dereva, Lukumani, aondoke. Mito ilikuwa imejaa. Lukumani aliogopa kumkatalia bosi, akawasha injini.

— Nikaenda nikakaa mbele ya gurudumu, alisema Damas.

— Ukakaa?

— Chini, matopeni. Nikamwambia Lukumani, pita. Mama akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele. Maneno mengi sikuyajua, lakini hilo moja alilirudia mara tano, sita. Stabon! Stabon! Nikajua nimeshafukuzwa. Nikasema sawa, nimefukuzwa, lakini siondoki. Mvua ikanyesha, nikakaa. Nilikaa mpaka karibu saa sita. Halafu sauti ikakatika. Lukumani akafungua mlango, mama akamwangukia mikononi.

— Mkafanyaje?

— Tulimbeba mpaka stesheni, tukamlaza ndani ya behewa la mizigo, tukamleta Kitete. Daktari alisema homa imepanda kichwani. Angekuwa msituni siku hiyo, tungemzika huko. Alilala wiki mbili. Siku ya tisa wakaniruhusu kumwona. Nilipeleka uji wangu ndani ya chupa ya chai. Akanywa vijiko vitatu. Akanitazama. Akasema lile lile neno, polepole, kama mtu anayelitafuta mahali lilipokaa. Kisha akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nikatoka, sikutaka aone nimeona.

Nassibu alikuwa na dele mkononi, ameliinamisha, na kahawa haitoki.

— Hukutuambia, alisema Koleo.

— Ningewaambia nini? Kwamba nilikaa matopeni?

Apolinaria alishika barua kwa vidole viwili, kama kipimajoto.

— Basi baba, aliuliza, humu ameliandika lile la lorini, au lile la kitandani?

Kamusi alifungua kamusi, akalifunga. Hapakuwa na ukurasa wa kitu hicho. Gari la punda la muuza maji lilipita, likatia vumbi kwenye finjani zetu, hakuna aliyezifunika.

— Hata mimi sijui, alisema Apolinaria mwishowe, kwa sauti ya chini. Nilidhani wewe ungejua.

Damas alichukua barua. Akaikunja kwa mikunjo yake ya mwanzo, akaitia ndani ya bahasha.

— Mzee Alois, alisema, nakushukuru. Usilikwangue.

— Damas, fikiri kwanza. Mtoto yuko shule.

— Nimefikiri. Hilo neno yeye ndiye aliyelichagua. Kama ni la lorini, basi nilikaa pale kweli, sina la kukanusha. Kama ni la kitandani, nikilifuta nitakuwa nimefuta kitu ambacho sitakipata tena.

— Injinia hatajua hayo yote! Ataona mkaidi, atakufungia mlango.

— Afunge.

— Neno moja tu, bwana! Herufi nane!

— Silikwangui, mzee wangu.

Kamusi alirusha mikono juu, akatugeukia sote.

— Sasa nimelielewa hilo neno, alisema. Lina shati jeupe na limekaa hapa mbele yangu.

Tulicheka mpaka Koleo akashika mbavu, na Damas naye akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Lakini alipoondoka hatukucheka tena. Kila mmoja alikunywa yake, tukaachana mapema.

Ijumaa hakuonekana. Jumamosi hakuonekana. Bama alisema amefukuzwa anaona haya. Nassibu alisema ni ile nukta. Jumapili Koleo alipita chumbani kwao akaambiwa na Pelagia kwamba mwenyewe hayupo, na Pelagia alikuwa akiharakia misa, hakumalizia. Ilikuwa Jumatano, tena mchana kabisa, Damas alipotokea kona ya msikiti akitembea upesi, shati jeupe, aproni ingali kiunoni.

— Nina muda wa finjani moja, alisema. Nimewaacha wamelala kidogo baada ya chakula.

— Wamelala nani? aliuliza Koleo. Sema, bwana, tumekonda.

Akaketi, safari hii katikati ya ubao.

— Nilifika asubuhi ile, akafungua mlango mama mwenyewe, mke wa injinia. Mama wa makamo, Kiswahili chake kizuri kuliko cha Masolwa.

— Endelea, alisema Bama.

— Akasoma barua pale pale mlangoni. Nikaona macho yake yamefika chini yakasimama. Nikajisemea, basi. Akaniuliza, "Huyu aliyeandika, alikuwa anakupenda?" Nikasema, mama, sijui. Akauliza tena, "Hili neno la mwisho ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akasema, "Hata kwa bwana mkubwa?" Nikasema hata kwake. Akaniambia, "Ingia. Weka mfuko wako jikoni."

— Hivyo hivyo? aliuliza Kamusi.

— Hivyo hivyo. Kumbe mumewe ana ugonjwa wa moyo. Daktari amemkataza chumvi, hata chembe. Wapishi watatu wamepita pale kwa mwaka mmoja, wote watu wazuri, watiifu. Bwana akigonga meza, "lete chumvi", wanaleta. Mmoja alileta huku analia, lakini alileta. Mama akaniambia, "Nimeomba Mungu miezi mingi aniletee mtu wa neno hili, na hakuna barua iliyokuwa nalo. Zote zilisema mtiifu."

Kamusi alilifunga kamusi taratibu, akalikalia.

— Na huyo bwana? aliuliza Nassibu.

— Siku ya kwanza aligonga meza, nikasema hakuna. Akaniita hilo neno, akarusha kijiko. Kilinipita hapa, sikioni.

— Hilo ni la baghala, alisema Bama.

— Siku ya pili akaniita tena, hakurusha. Nikaanza kuweka ndimu na kitunguu kilichochomwa, na majani ya kule kwetu ambayo mama yangu alipikia msimu chumvi ilipoadimika. Alikula nusu, akasukuma sahani. Juzi alikula yote, kimya.

— Na leo?

Damas alipuliza kahawa yake. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona na uso ule, umetulia, kama mtu aliyetua mzigo.

— Leo amekula, akafuta mdomo, akanitazama muda mrefu. Akaniita hivyo hivyo tena.

— Kwa sauti ipi? tuliuliza karibu sote.

— Hiyo sijawahi kuisikia, alisema Damas. Si ya lori, si ya kitanda, si ya kijiko. Nimekuja njia nzima naifikiria.

Kamusi alifungua kinywa.

— Usiniambie, mzee wangu, alisema Damas. Niache niisikie tena kesho.

Akamaliza finjani, akaigeuza kifudifudi, akainuka. Alipofika kona akasimama ghafla, akajipiga paji la uso, na tukamwona mtu mzima wa miaka arobaini na tano akikimbia kuelekea upande wa reli, aproni inapepea.

— Kuna nini? alipiga kelele Koleo.

Sauti yake ilitufikia kwa shida juu ya vumbi:

— Kabati la chumvi! Sikulifunga!